Vishikwambi Vipo Kabatini, Mwalimu Je?

Mjadala wa kompyuta shuleni, kama pesa zianzie kwenye vifaa au kwa mwalimu, ukizuka Kenya, haukawii kugeuka hesabu ya vifaa: vingapi vilifika, vingapi vimeibwa, vingapi vimekufa. Mradi uliozaliwa na ahadi ya mwaka 2013, ya kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza tarakilishi, ulianza kusambaza vishikwambi mwaka 2016 na hatimaye ukapeleka zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma zipatazo 21,000. Wanaoutetea wana haki ya kujivunia. Shule nyingi za mashambani ziliunganishiwa stima kwa sababu yake.

Hoja yao nyingine ni nzito zaidi. Anayemaliza kidato cha nne huomba nafasi ya chuo mtandaoni kwa KUCCPS, taasisi ya serikali inayogawa nafasi hizo, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, vilevile. Asiyezoea kibodi huishia kwenye saiba, duka la intaneti, akimtajia mhudumu asiyemjua namba ya kitambulisho na nywila yake. Ubao na chaki havimponyi huyo. Lazima awe ameshika kifaa mapema, akakosea, akarudia.

Wanaosema pesa zianzie kwa mwalimu hawalikatai hilo, ila husikilizwa vibaya. Huonekana kama watu wanaotaka mtoto wa maskini aridhike na maelezo huku mwenzake wa shule ya kulipia akibofya. Wanachouliza ni kile kishikwambi kilimfanyia nini mtoto aliyekipata.

Mtoaji jibu yupo. Aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2016 alifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, ile ya mwisho kabisa. Alitahiniwa Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Sayansi, Masomo ya Jamii na Dini. Kompyuta haikuwemo. Mwalimu wake alikuwa na silabasi ya kumaliza na mtihani ambao shule nzima ingepimwa nao, kwa hiyo kila dakika ya kuwasha vishikwambi ilikuwa dakika iliyotolewa kwenye Hisabati. Mwalimu mkuu naye alikabidhiwa mali ya serikali; kifaa kimoja kikipotea, yeye ndiye wa kujieleza. Basi mlango ukatiwa vyuma, kabati likatiwa kufuli, na ufunguo ukakaa ofisini. Kwa mtu aliye katika nafasi yake, kifaa salama ni kile ambacho hakuna anayekigusa. Nayo betri isiyochajiwa kwa muda mrefu hufa yenyewe, bila mwizi. Simwoni mwalimu huyu kuwa mzembe. Alifanya hasa kile mpangilio ulichomtaka afanye.

Sasa tazama somo moja la kompyuta lisilohitaji stima, la aina ambayo Tim Bell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, wamekuwa wakiisambaza tangu miaka ya 1990. Mwanafunzi anapanga vizibo 25 vya soda, mistari mitano ya vitano vitano, vingine vimetazama juu, vingine chini, apendavyo. Mwalimu anaongeza kizibo kimoja mwishoni mwa kila mstari na kila safu, ili vinavyotazama juu viwe idadi shufwa kila upande. Anageuka. Mtoto anapindua kimoja kati ya vile 25. Mwalimu anarudi, anatazama kidogo, anakigusa chenyewe: kipo pale mstari wenye idadi witiri unapokutana na safu yenye witiri. Darasa litataka kujua amejuaje, na likishajua limeelewa jinsi kompyuta inavyogundua data iliyoharibika njiani. Huo si ukurasa wa kukariri sehemu za kompyuta. Ni sayansi ya kompyuta yenyewe.

Lakini vizibo navyo havijifundishi. Uingereza ilibadilisha mtaala wake mwaka 2014 ili watoto wajifunze kuandika programu tangu miaka mitano, na shule za huko hazikuwa na shida ya stima. Miaka michache baadaye serikali ililazimika kutenga pauni milioni 84 kuwaandaa walimu. Tanzania ilichukua vishikwambi vya Sensa ya 2022 ikawapa walimu, uamuzi ambao naona Kenya ingeufikiria mapema.

Badala yake, mwaka 2022 KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala, iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari, na mwaka 2024 somo la kompyuta la sekondari ya chini likaunganishwa na biashara pamoja na ufundi wa awali kuwa somo moja. Aliyesomea biashara chuoni sasa anaweza kujikuta mbele ya darasa akitakiwa kueleza algorithimu, yaani hatua ambazo kompyuta hufuata kutatua tatizo. Kabla zabuni nyingine ya vifaa haijatangazwa, huyo apelekwe mafunzo ya muhula mzima, likizo zikiwemo, na apewe funguo za lile kabati bila kutishiwa kukatwa mshahara kioo kikipasuka.