Kufuli la geti na cheti ukutani

Saa saba na nusu mchana, kwenye vituo vingi vya kulelea watoto vya Dar es Salaam, ndiyo saa ya kulala. Mwaka jana saa hiyo nilikwenda kumchukua mwanangu mapema kwenye kituo kimoja cha Mbagala, nikakuta geti limepigwa kufuli kwa nje. Dada wa watoto, binti wa miaka 20 hivi, alinichungulia kwenye uwazi wa geti akaomba radhi: mwenye kituo ametoka mara moja kufuata mkaa, na funguo amekwenda nazo. Nyuma yake niliona watoto 19 wamelala kwenye mikeka na magodoro, dirisha lina nondo, jiko la mkaa barazani bado lina moto. Ukutani, kwenye fremu ya kioo, kilining'inia cheti cha usajili.

Nikamuuliza, moto ukitokea utafanyaje? Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mama, mtoto akichoropoka hapa akaingia barabarani, au mtu akamchukua, tutamwambia nini mzazi wake?"

Nilisimama pale dakika 20 nikilitafakari jibu lile, na sijaacha kulitafakari hadi leo, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Kufuli lile liliwekwa na mtu anayewajali watoto. Ni mtu huyohuyo aliyeziba njia pekee ya kutokea.

Wanaotaka vituo vya watoto vikaguliwe vikali wana ushahidi mzito. Tarehe 5 Juni 2009, katika mji wa Hermosillo kaskazini mwa Mexico, moto ulianza kwenye ghala la serikali ya jimbo lililopakana ukuta na kituo cha watoto cha ABC. Ilikuwa mchana, watoto wengi wamelala. Kituo chenyewe kilikuwa ghala lililogeuzwa, mlango wa dharura haukufunguka, na watu wa jirani walifika hadi kugonga ukuta kwa gari ili kutoboa tundu la kuwatolea watoto. Walikufa watoto 49. Sisi hapa hatuhitaji kwenda mbali hivyo kujifunza habari ya milango na nondo: Shauritanga, wilayani Rombo, moto wa bweni mwaka 1994 uliua wasichana 42, na Idodi mkoani Iringa, mwaka 2009, ukaua 12. Zile ni shule za bweni, lakini mtoto wa miaka miwili aliyelala ana uwezo mdogo zaidi wa kujiokoa kuliko msichana wa sekondari.

Ila Hermosillo ina jambo jingine ambalo watetezi wa ukaguzi hawalisemi sana. Kituo kile hakikuwa cha uchochoroni. Kilikuwa na mkataba na taasisi ya hifadhi ya jamii ya nchi ile, na kilikuwa kimepita ukaguzi hata wiki mbili hazijatimia. Karatasi zilikuwepo. Wazazi walipigania sheria mpya hadi ikapatikana mwaka 2011, na walikuwa na haki, lakini ukisema tu "wakaguliwe wote" hujajibu swali la mkaguzi anaangalia nini, na anafika saa ngapi. Mkaguzi anayekuja saa nne asubuhi kwa miadi atakuta geti wazi, sakafu imepigwa deki na walezi watatu wamevaa sare. Saa saba na nusu anayeiona ni mama aliyefika bila kutegemewa.

Upande wa pili, wa wanaohofia kwamba masharti mengi yatafunga vituo, nao usipuuzwe. Hapa kwetu kituo kinatakiwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ustawi wa jamii wana fomu zao, afisa afya anataka kuona choo, maji na jiko, Zimamoto wana ukaguzi wao na ada yake. Kila sharti ukilitazama peke yake lina maana. Yakikusanyika juu ya mama aliyepanga vyumba viwili Manzese, hesabu haikubali. Tuseme ana watoto 20, kila mmoja analipa shilingi 1,500 kwa siku. Hiyo ni 30,000. Toa uji na chakula cha mchana, mkaa, ndoo za maji, sabuni, kodi ya nyumba, halafu mpe dada ujira wake. Sasa mwambie aajiri mlezi wa pili aliyesomea na aongeze kiwanja cha michezo. Atapandisha ada, au ataondoa kibao mlangoni na kuendelea kimyakimya, mahali ambapo afisa yeyote hataingia tena.

Na ada ikipanda, nani anaondoka? Sheria ya ajira inampa mfanyakazi siku 84 za uzazi. Mama ntilie na muuza mboga wa Mabibo hawana hata siku moja ya kulipwa, wanarudi sokoni mtoto akiwa bado mchanga kabisa. Kituo kikifungwa, watoto hawayeyuki. Wanaachiwa dada yao wa miaka tisa, au wanafungiwa chumbani na redio, au wanashinda chini ya meza ya nyanya karibu na mafuta ya kukaangia. Hizo sehemu hazina mkaguzi.

Bangladesh wametuonyesha kitu kikubwa kuhusu hili. Kule kuzama majini kunaua watoto wengi wadogo, kwa kuwa vijiji vimezungukwa na madimbwi. Wakaanzisha vituo wanavyoviita anchal: nyumba ya kawaida ya mwanakijiji, mama mmoja aliyepewa mafunzo na msaidizi wake, watoto kama 25, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, muda ambao mama zao wameshikwa na kazi. Utafiti ulionyesha kuzama kulipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa watoto waliohudhuria, na leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza vituo vya aina hiyo kama kinga. Macho ya mtu mzima aliyekaa na watoto, basi. Vigezo vyetu vyote vingepimwa pale, sidhani kama nyumba nyingi zingepata cheti.

Kwa hiyo mimi nasimama na wanaotaka kanuni, ila sikubali kanuni zote ziwe na uzito mmoja. Yapo mambo yanayoua leo: njia ya kutokea, moto na mtungi wa gesi, pipa la maji lisilo na mfuniko, mtoto mchanga kulazwa kifudifudi badala ya chali. Hayo ni kundi la kwanza, yasisubiri, na mengi gharama yake ni ndogo. Kibuyu chirizi, yaani chombo cha kunawia kinachochirizisha maji, na kipande cha sabuni kati ya mahali pa kubadilishia nepi na mahali pa uji kinazuia kuhara kuliko vigae vya bei. Kadi ya kliniki iangaliwe, sindano ya surua ya miezi tisa na ya miezi 18, na aliyekosa aelekezwe zahanati wiki hiyohiyo, asirudishwe nyumbani. Ukubwa wa chumba, uwanja, cheti cha chuo cha mlezi, hilo ni kundi la pili: viwekewe muda wa miaka kadhaa na halmashauri isaidie. Afisa akikuta kasoro ya kundi la pili, arudi baada ya miezi mitatu kuona kilichobadilika. Akikuta ya kundi la kwanza, asiondoke mpaka imerekebishwa.

Linalonipa shida ni idadi ya walezi. Ndiyo kanuni ya gharama kubwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa kuliko zote. Dada mmoja akikimbia moto anabeba watoto wawili, akijitahidi sana watatu. Hapo ada ya mama wa sokoni haitoshi, na sioni njia bila fedha za umma kuingia. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali iliyozinduliwa Desemba 2021 ilileta vituo vya kijamii vinavyosimamiwa na wananchi wenyewe. Ningependa kuona fedha zikilipa mlezi wa pili huko, kabla ya majengo.

Nilizungumza na mwenye kituo jioni ileile. Alikasirika kidogo, kisha akaniuliza nifanyeje basi, watoto si watatoka? Tukamwita fundi wa mtaani. Akaling'oa kufuli, akafunga komeo kwa ndani, juu kabisa, mahali ambapo mtu mzima anafika kwa mkono mmoja na mtoto hafiki hata akipanda kiti. Dada alilijaribu mbele yangu, mtoto mgongoni, mwingine kiunoni. Likafunguka. Saa saba na nusu, siku ambazo mwenye kituo ametoka, dada bado yuko peke yake na watoto 19.