Hirizi haikumzuia shangazi kumeza dawa

Wiki iliyopita shangazi yangu aliondoka kliniki ya afya ya akili hapa Tabora bila dawa zake za mwezi, kisa hirizi. Imeshonwa kwa ngozi nyeusi, anaifunga juu ya kiwiko. Alipopandisha mkono wa gauni apimwe presha, nesi akaiona. Akaambiwa mbele ya foleni nzima: "Mama, chagua moja, hapa au kwa mganga." Shangazi akashusha mkono wa gauni, akachukua kadi yake, akaenda zake. Sasa hataki kusikia habari ya kliniki, na usingizi umeanza kumkimbia tena.

Nimekasirika, na ninaandika hasira ikiwa bado haijapoa.

Kuanzia Isevya hadi Ng'ambo, ni familia gani yenye mgonjwa wa akili iliyobisha hodi mlango mmoja tu? Mgonjwa anapelekwa kwa mganga, anapelekwa kwa sheikh asomewe rukia, yaani aya za Qurani za kumponya, na anyweshwe kombe, jirani anamchukua kwenye maombezi, na hospitali inafikiwa mwisho, hali ikiwa imeshakuwa mbaya. Tiba tunazichanganya tangu zamani. Tunazichanganya kwa siri, na siri hiyo imezaliwa na makaripio kama lile alilopata shangazi.

Siri ndiyo inayoua. Kuna mimea ya jamii ya Rauvolfia ambayo waganga wa India na wa Afrika wameitumia kwa wagonjwa wa akili vizazi na vizazi. Mwaka 1952 wanasayansi walipata humo kemikali iitwayo reserpini, na hospitali za Ulaya na Marekani zikawapa wagonjwa wao wa akili kama dawa miaka hiyo ya hamsini. Inashusha presha. Baadhi ya vidonge vya kliniki navyo vinashusha presha. Mtu akimeza vidonge hivyo, kisha jioni akanywa kikombe cha mizizi ambayo hata jina hajaambiwa, akaanguka chooni alfajiri, daktari atajuaje chanzo? Atajua akiambiwa, na ataambiwa akiuliza bila kufoka. Vivyo hivyo kwa mwenye kifafa: mganga akimwachisha vidonge ghafla, degedege linaweza kuja mfululizo bila kukatika hadi likamuua. Hilo mganga anaweza kuelezwa asubuhi moja akaelewa, ilimradi asiogope kuonekana hospitali.

Tena mganga anafanya jambo ambalo kliniki zetu hazilifanyi. Nilimsindikiza shangazi kwa mzee mmoja upande wa Uyui. Dawa haikutangulia. Mzee alikaa kwenye kigoda chake, akauliza nani amekuja na mgonjwa, nani hakuja, na kwa nini hakuja. Likaibuka shamba la tumbaku lililogawanywa kwa ugomvi baada ya mume wa shangazi kufariki, na mtoto wake mkubwa ambaye tangu hapo hasemi na mama yake. Kabla unga wa mtama haujachanganywa na maji kwa ajili ya mizimu, kijana alikuwa ameshapigiwa simu aje. Ukiamini mizimu au usiamini, familia ile ilizungumza kwa mara ya kwanza tangu msiba. Hiyo ni tiba ya mazungumzo, na nesi mwenye foleni hadi mlangoni hana muda wa kuifanya.

Nitajibiwa kwa ramli chonganishi. Sawa, ni kweli. Mikoa yetu imezika vikongwe waliosingiziwa uchawi, na imezika watu wenye ualbino. Januari 2015 serikali ilipowapiga marufuku waganga wasio na usajili, ilikuwa na haki. Wapo pia wanaofunga wagonjwa minyororo. Hao ni wa kupelekwa polisi. Na wanaouza mitandaoni chupa moja ya kutibu sonona, kisukari na mikosi, mimi siwaiti waganga. Lakini Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, baraza lipo, waganga wanasajiliwa. Kwa nini wote watiwe kapu moja?

Wenzetu walishaanza zamani. Mwaka 1954, huko Aro, Abeokuta, nchini Nigeria, daktari wa akili Thomas Lambo aliwapangishia wagonjwa wake vijijini pamoja na ndugu zao, wakawa wanakwenda hospitali kutibiwa, na waganga akawaita wafanye kazi pamoja naye. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi na kuzungumza na watu waliolemewa na mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Kwa hiyo ninaomba jambo linalowezekana mwaka huu huu. Kwenye kadi ya kliniki iongezwe sehemu ya kuandika tiba nyingine anazotumia mgonjwa, na ijazwe kwenye chumba chenye mlango uliofungwa. Mkoa uwaite waganga waliosajiliwa, masheikh wanaosoma rukia, wachungaji wa maombezi na wauguzi wa afya ya akili wakae chumba kimoja, ajenda iwe hii: dalili gani zikionekana, nani anampeleka mgonjwa kwa nani, na siku hiyo hiyo nauli inatoka wapi.