Umri wa gari sio moshi: hesabu ambayo hatupigi tukisemwa kuhusu used

Kila ikitoka ripoti ya kulinganisha nchi na nchi kwenye mambo ya mafuta na moshi wa magari, sisi tunawekwa fungu lilelile, la jalala. Inayotajwa sana mpaka leo ni ile ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya Oktoba 2020. Inasema kati ya 2015 na 2018 magari madogo used milioni 14 yalitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda nchi za wenzao, kama asilimia 80 yakaenda nchi za kipato cha chini na cha kati na Afrika ndo mteja mkubwa. Waliangalia sheria za nchi 146 na theluthi mbili wakaziona sheria zao dhaifu au dhaifu sana. Tangu hapo ukisema tu umeagiza used ya 2007 mtu ashakuangalia kama umeleta jenereta nyumbani.

Ripoti yenyewe sina ugomvi nayo. Waholanzi walikagua magari yanayosubiri meli kwao kuja Afrika wakakuta mengi ni ya miaka 16 mpaka 20, hayafiki Euro 4 (kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi), cheti cha ukaguzi kimeisha. Yaliyokuwa yanaenda Gambia wastani wake ni karibu miaka 19! Hilo ni jalala kweli, tusipindishe. Ila hayo ni ya Ulaya kwenda Afrika Magharibi. Sisi huku Afrika Mashariki usukani wetu uko kulia kwahiyo zigo letu linatoka Japani, na Mjapani gari lake analikaguisha kwa lazima kila miaka miwili, na ukaguzi wenyewe ni ghali kiasi kwamba wengi wanaona bora wauze. Sasa gari la miaka 12 lililotunzwa hivyo unalitia kapu moja na lile la Gambia kwa sababu tu yote yanaitwa used?

Hapo ndo napoona mjadala unapotea, maana kuna moshi wa aina mbili na tunauchanganya kila siku. Kuna hewa ukaa, ile inayopandisha joto la dunia, haina rangi wala harufu. Halafu kuna masizi na gesi za sumu, hizi zinamkaba mtu aliyesimama kituoni. Umri wa gari unahusika sana na hiyo ya pili, hiyo ya kwanza unahusika kidogo tu.

Twende na hewa ukaa. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3, dizeli kama 2.7, na hiyo haijali gari ni la 2005 au limetoka kiwandani jana, liko Oslo au liko Mbagala. Kinachobadilika ni lita ngapi umechoma na umebeba nani. Toyota IST, gari dogo la petroli, inayokwenda kilomita 15 kwa lita inatoa gramu 150 hivi kila kilomita. Shangingi la dizeli linalokwenda kilomita 7 kwa lita linatoa kama 385. Coaster ya daladala, tuseme kilomita 5 kwa lita kwa foleni zetu, inatoa 540, na kwenye majedwali ya kulinganisha magari hiyo Coaster ndo inaonekana shetani kabisa. Lakini ingia ndani uhesabu vichwa. Saa moja asubuhi kuna watu 40, wengine wameinama dirishani na konda anasema "sogea nyuma kuna nafasi", gawanya 540 kwa 40 unapata gramu 13 na pointi kila mtu. Mimi mwenye IST peke yangu na kiyoyozi nimemzidi yule mama mwenye ndoo ya samaki mara kumi na moja. Bosi wa shangingi, ukimhesabu na dereva wake, kila mmoja anabeba 190 na zaidi, na shangingi lenyewe ni jipya, nondo tupu, halilipi hata senti ya kodi ya uchakavu wanayotozwa wenye magari ya zamani.

Hesabu hii ukiipeleka kwenye ngazi ya nchi inazidi kuchekesha. Mmarekani mmoja anatoa kama tani 14 za hewa ukaa kwa mwaka, vyote kwa pamoja, umeme na viwanda na magari. Mkenya hafiki hata nusu tani, Mtanzania yuko chini ya hapo. Marekani ina magari zaidi ya 800 kwa kila watu 1,000. Na wakati sisi tunasomeshwa habari ya Vitz, shirika la nishati la kimataifa IEA linasema mwaka 2023 karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa duniani, asilimia 48, yalikuwa SUV, na SUV zote zilizoko barabarani zinatoa zaidi ya tani bilioni moja kwa mwaka. Hizo mpya hazina uzee wowote, zina harufu ya duka bado.

Upya wenyewe pia sio dhamana. Septemba 2015 Volkswagen walikamatwa Marekani na programu iliyokuwa inatambua gari likiwa kwenye kipimo, linajifanya safi, likitoka barabarani linatoa gesi za naitrojeni mpaka mara 40 ya kiwango. Magari milioni 11 dunia nzima, yote mapya, makaratasi safi kabisa. Aliyewagundua kwa kuanzia hakuwa mtu wa makaratasi, ni watafiti wa West Virginia waliofunga vipimo kwenye eksozi wakaendesha barabarani.

Wanaosema dawa ni umeme wana hoja, tena nzuri. Norway mwaka 2024 magari mapya karibu asilimia 89 yalikuwa ya umeme, na umeme wao ni wa maji (mafuta yao wanatuuzia sisi wengine, tuyaache hayo). Gari hilohilo ukilichaji Afrika Kusini unakuwa unaendesha makaa ya mawe, maana zaidi ya asilimia 80 ya umeme wao unatoka huko. Kwetu mambo sio mabaya, Kenya kama asilimia 90 ya umeme ni wa maji, upepo, jua na mvuke wa ardhini wa Olkaria, sisi tuna bwawa la Nyerere pale Rufiji megawati 2,115. Ethiopia ndo wameamua kabisa, tangu mwanzoni mwa 2024 gari la petroli au dizeli la mtu binafsi haliingii. Wengine wanaona ni udikteta ila ukiangalia dola wanazochoma kununua mafuta na maji waliyonayo, hesabu inaingia akilini. Tatizo ni mwalimu wa Songea, hilo gari la umeme la milioni 12 analipata wapi leo, fundi wake nani, na betri ikifa?

Sasa upande wa pili, na hapa lazima nipunguze kelele. Kusema Mtanzania anatoa kidogo kwa kichwa haimsaidii mtoto anayesubiri gari Ubungo. Masizi hayagawanywi kwa idadi ya watu wa nchi, unayavuta wewe uliye karibu. Shirika la afya duniani WHO wanakadiria hewa chafu ya nje iliua watu milioni 4.2 mwaka 2019, na wengi wao ni wa nchi kama zetu. Kwahiyo Kenya wakisema mwisho miaka 8, Uganda 15, sisi tukaongeza kodi ya uchakavu, hawajaota tu.

Ila hebu njoo gereji. Mwaka juzi IST yangu ilikuwa nzito kupanda kilima, fundi akaniambia masega, lile chujio la moshi kwenye eksozi, yameziba, tukiyatoa itakuwa nyepesi. Nikakubali, nani anabishana na fundi. Nilivyorudi jioni nikainama chini nikaona pale palipokuwa na lile dude kama chungu pamechomelewa bomba tupu, weldingi mbichi bado inanuka. Masega yenyewe sikuyaona tena. Baadae ndo nikajua ndani yana platinamu na paladiamu, na kuna watu wanayanunua kwa kilo. Yaani kitu kilichokuwa kinasafisha moshi wa gari langu kimeuzwa na mimi nimelipa ufundi juu.

Gari hilo lilipoingia bandarini lilikuwa na miaka 13 na lilikuwa safi. Lilichafuka Dar, mchana mmoja, na hakuna kodi ya uchakavu wala kikomo cha miaka kinachoweza kuliona. Ungelileta likiwa na miaka 5 fundi angelitoa masega hivyohivyo, tena kwa furaha zaidi maana yangekuwa mazima. Kitu ambacho kingeliona ni kipimo kinachochomekwa kwenye eksozi, dakika chache tu, kila mwaka, kwa shangingi na kwa daladala na kwa IST. Hapo gari la 2004 lililotunzwa linapita, la 2021 lililotobolewa linarudi gereji.

Afrika Mashariki tulishafanya kazi ngumu kuliko hiyo. Tangu Januari 2015 dizeli yetu imeshushwa mpaka salfa 50 kwa milioni, wakati huo Afrika Magharibi wafanyabiashara wa Uswisi walikuwa bado wanawamwagia dizeli chafu ajabu. Mafuta safi tunayo, tunayachoma kwenye magari yaliyong'olewa masega.

Na nikikwambia niliyarudisha nitakuwa muongo. Niliulizia, used yenyewe bei yake ilinifanya nikunje karatasi niweke mfukoni, na kwa kuwa hakuna anayepima, gari linadunda hivyohivyo mpaka leo. Jirani yangu asubuhi nikiwasha anafunga dirisha.