Wazee wang'atuke? Tuhesabu kwanza miaka ya kiti

Januari 2025 vyama viwili vikubwa vya Tanzania vililijibu swali hili kwa namna mbili tofauti, ndani ya wiki moja. Dodoma, mkutano mkuu wa CCM ulimpa umakamu mwenyekiti Bara Stephen Wasira, aliyezaliwa 1945 na kuingia bungeni mara ya kwanza 1970. Kiti kilikuwa wazi kwa sababu Abdulrahman Kinana, mdogo wake kwa umri, aliomba kupumzika. Siku chache baadaye, Dar es Salaam, Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe katika kinyang'anyiro cha uenyekiti wa Chadema, kwa kura 513 dhidi ya 482. Mbowe alikuwa na miaka 63 tu, lakini alikuwa ameiongoza tangu 2004. Umri na muda wa kukaa madarakani ni mambo mawili, na mijadala yetu huyachanganya kila mara.

Mfano wa hapa nyumbani ni jimbo la Mtera, mkoani Dodoma. Mwaka 2010 kura za maoni za CCM zilimwangusha John Malecela, waziri mkuu mstaafu mwenye miaka 76, zikampa nafasi Livingstone Lusinde. Damu changa, watu wakasema. Mwaka 2020 jimbo likaitwa Mvumi, mbunge akabaki yule yule, na Bunge la 12 lilipofika ukingoni 2025 alikuwa na miaka 15 kitini.

Wanaotaka wakongwe wabaki wana hoja nzito, nayo ni bajeti. Mbunge mpya husimama bungeni Mei kuomba barabara au kisima, akapigiwa makofi, kisha hakuna kinachokuja. Kwa nini? Maombi hayo yalipaswa kuingia kwenye mpango wa halmashauri miezi mingi kabla, na baraza la madiwani, ambalo mbunge ni mjumbe wake, huwa limeshapitisha makisio kabla Bunge la bajeti halijaanza Aprili. Mkongwe anajua hilo. Anajua pia lipi la kupeleka TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, lipi RUWASA, wakala wa maji vijijini, na lipi ni la mkurugenzi wa halmashauri. Mgeni huchoma bajeti moja au mbili akijifunza, na kipindi kizima kina bajeti tano.

Lakini ujuzi huo unafundishika. Kisichogawanyika kirahisi ni faida za kiti chenyewe. Kwa sheria ya 2009, mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Jimbo: mabati ya zahanati na madawati yanafika kijijini jina lake likiwa mbele. Wajumbe wa chama wanaopiga kura za maoni anawajua kwa majina, na misiba yao kaihudhuria. Mpinzani wake ndani ya chama anaanza na fomu, ambayo CCM iliitoza Sh500,000 mwaka 2025, na akikatwa jina hana pa kukimbilia ila chama kingine, kwa kuwa Katiba haimruhusu mgombea binafsi.

Mtumishi wa umma kwa kawaida anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, jaji wa Mahakama Kuu vilevile, na Rais ana vipindi viwili. Mbunge wa jimbo? Hana ukomo wowote. Kuweka ukomo wa umri kungekuwa uvivu wa kufikiri: kungemzuia mwalimu mstaafu wa miaka 62 anayegombea mara ya kwanza, na kumwacha wa miaka 50 aliyekalia kiti tangu ujanani. Vipindi vitatu mfululizo katika jimbo moja vinatosha. Ndiyo, tutapoteza wachache wazuri. Hao wanaweza kugombea tena baada ya kupisha kipindi kimoja.

Muda wa kutangaza nao una uzito wake. Julai 2, 2025, siku ya mwisho ya kuchukua fomu, Kassim Majaliwa, waziri mkuu wa wakati huo, alisema hagombei tena jimbo la Ruangwa. Kupisha ni jambo la heshima, ila tangazo la saa hizo humfaa aliyekwisha kujipanga. Likitoka Novemba ya mwaka unaotangulia uchaguzi, halmashauri zikiandaa bajeti, anayekitaka kiti atapata muda wa kuzunguka kata na kujua miradi gani imekwama, na imekwama ofisi ipi.