Bitcoin niliyoiuza kangomba

Mpwa wangu alishuka kutoka Tandahimba wiki mbili baada ya malipo ya korosho kuingia benki. Hakuja Mtwara kutafuta mabati wala bodaboda kama wenzake. Tulipomaliza shikamoo na habari za shamba, akaiweka simu mezani.

"Mjomba, nina milioni mbili. Nataka niziingize kwenye Bitcoin, nisiziguse miaka kumi. Unasemaje?"

Nikamwuliza hela ya palizi iko wapi. Akacheka, akadhani nakwepa swali.

Hoja zake hazikuwa za kitoto, nazo nizitendee haki. Bitcoin, sarafu ya mtandaoni, inafanya kazi tangu Januari 2009, haina benki kuu inayoichapisha, na kanuni yake inasema sarafu zake hazitazidi milioni 21. Kila baada ya miaka minne hivi, idadi ya sarafu mpya zinazotoka hukatwa nusu. Mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2024. Mwaka huo huo, mwezi Januari, Marekani iliruhusu mifuko inayoshika Bitcoin kuuzwa kwenye masoko ya hisa. Na kijana huyu ameiona dola ikipanda kutoka shilingi 2,300 hivi mwaka 2021 hadi 2,700 mwaka 2024. Mtu anayetafuta mahali pa kuhifadhi jasho lake mbali na shilingi si mjinga.

Kilichonikwama kooni ni ile "miaka kumi".

Huku kusini hakuna asiyeijua kangomba, ila kwa msomaji wa mbali nieleze. Mkulima amebanwa: kuna mgonjwa ndani, au msiba, au mtoto anadaiwa shule. Mnada bado. Anakuja mtu mwenye fedha mkononi, anazinunua korosho kwa bei ya kutupa, nyingine zikiwa bado maua mtini. Serikali imeipiga marufuku miaka nenda miaka rudi, na bado ipo, kwa sababu shida haisubiri mnada. Korosho ya kangomba na ile inayopelekwa ghalani kwa stakabadhi kungoja mnada zimetoka kwenye mti mmoja. Mwenye hiyo ya pili aliweza kusubiri, basi. Msimu wa 2024 bei za mnada wa kwanza zilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, aliyekwisha kuuza kangomba alizisikia redioni kama alivyozisikia mtu wa Dodoma.

Mimi nilijifanyia kangomba mwenyewe, tena bila kulazimishwa na mchuuzi yeyote.

Novemba 2021 Bitcoin ilikuwa imegusa dola 69,000. Nikachukua milioni moja na laki mbili nikanunua ilipokuwa kwenye 60,000 hivi, nikijiona mjanja eti nimesubiri ishuke. Namna yenyewe ya kununua ilitosha kumtia mtu jasho: unamtumia mtu usiyemjua hela kwa simu, halafu unakaa unaangalia kioo kama ataachilia sarafu au la. Aliachilia. Nikajiambia, hii ni ya miaka mitano.

Mei 2022 ikaanguka Luna, sarafu nyingine ya mtandaoni. Novemba ikaanguka FTX, soko kubwa la sarafu hizi, ambalo mwanzilishi wake Sam Bankman-Fried alikuja kuhukumiwa kifungo cha miaka 25. Sikuwa na hata senti huko, lakini bei ilivuta wote chini. Ikafika Desemba. Binti yangu anakwenda kuanza kidato cha kwanza, bweni: godoro, sanduku, ndoo, madaftari, nauli. Nikafungua simu. Milioni na laki mbili zilikuwa laki tatu na arobaini na kitu. Nikauza zote.

Desemba 2024 Bitcoin ilipovuka dola 100,000 nilikuwa nimekaa mgahawani pale Mkanaledi, nikapiga hesabu: zingekuwa milioni mbili na ushei. Nikaifuta haraka, mke wangu asije akaiona.

Ndiyo maana nilimwuliza mpwa habari ya palizi. Muda mrefu hautoki kwenye sarafu, unatoka kwenye mfuko wa mwenye sarafu. Anayelipwa mshahara kila mwezi akaona bei imeshuka kwa robo tatu, anaweza kununa akaendelea kula. Mkulima wa korosho hupata fedha mara moja kwa mwaka. Januari shule zinafunguliwa, halafu inakuja palizi, halafu vibarua wa kupulizia dawa ya ubwiriubwiri na mafuta ya mashine. Bitcoin ikishuka kwenye miezi hiyo, atauza tu.

Halafu yeye tayari ana mali moja yenye kichaa. Bei ya korosho ghafi inategemea viwanda vya Vietnam na India. Mwaka 2018 wakulima walipogomea bei ya wanunuzi, jeshi likatumwa kubeba korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na walioishi hapa wanakumbuka foleni ya uhakiki na siku za kungojea malipo. Mtu ambaye kapu lake zima linategemea mti mmoja, ukimwongezea kitu kingine kinachopanda na kushuka kwa amri ya watu wa mbali, umemfanyia nini?

Kama ni akiba, aanze na vitu vya kuchosha. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, anaingia na kutoka bila kuuza kwa hasara ya kulia. Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali, kwenye mnada zinaanzia milioni moja na zinalipa riba mara mbili kwa mwaka. Hazina stori ya kusimulia kijiweni, nakubali.

Sheria nayo ina vituko vyake. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi hazitambuliki nchini. Juni 2021 Rais Samia akaitaka Benki Kuu hiyo hiyo ijiandae nazo. Julai 2024 ikaanza kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Hutambuliki, lakini kodi utakatwa.

Tulibishana mpaka adhana ya magharibi. Tukafikia hapa: hela ya shule na shamba ikae kando kwanza, milioni moja na nusu iende sehemu za kuchosha, na laki moja anunue Bitcoin yake, laki ambayo hata ikifa hatamwomba mtu. Mimi mwenyewe nimerudi kununua kwa kipimo hicho hicho, kidogo kidogo, kwa hiyo sikuwa na uso wa kumkataza.

Jambo la mwisho nikamwuliza kuhusu kurithi. Shamba la mikorosho kijiji kizima kinaujua mpaka wake. Ukifa leo, kesho wajomba wameshakaa kikao. Pochi ya sarafu hufunguliwa kwa maneno 12 au 24, na asiye nayo hana pa kushtaki, si mahakamani wala kwa sheha wa mizimu.

"Mjomba, hilo nimeshalifikiria," akasema. Kumbe alikwishanunua ya elfu hamsini kabla hata hajaja. Akabandua kava la simu, akatoa stakabadhi ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, iliyokunjwa mara nne. Nyuma yake maneno 12 kwa kalamu ya bluu.

"Yaani ufunguo umeuweka ndani ya simu yenyewe? Ikitumbukia baharini je?"

"Mjomba, mimi hata ufukweni Shangani siendi."