Johnson Falls ibaki hukohuko mbali

Kila nikiwaonyesha Wakenya wenzangu wa hapa Minnesota, Marekani, picha za Johnson Falls, swali la kwanza ni lilelile: gari linafika? Halifiki, na naomba lisifike kamwe.

Maporomoko haya yamo ndani ya Boundary Waters, pori lenye maziwa zaidi ya elfu moja linalopakana na Kanada. Ukitoka kijiji cha Hovland unafuata barabara ya Arrowhead Trail mpaka iishie Ziwa McFarland, hapo unashusha mtumbwi. Mlango mwembamba wa maji unakuingiza Ziwa Pine, na kazi inaanza. Ziwa hili ni jembamba na refu, na unakokwenda ni mwisho wake wa magharibi. Upepo wa magharibi ukiamka, unakupiga usoni njia nzima. Aliyekaa tezi, yaani nyuma, anashika mwelekeo. Wa omo, yaani mbele, anapiga kafi bila kusita, maana mkipumzika pamoja mtumbwi unarudishwa nyuma mkiona hivihivi. Sisi tuliambaa na ukingo, tukijibanza nyuma ya kila rasi.

Kisha mnaupandisha mtumbwi ufukoni na kushika njia ya mizizi na matope kwa miguu. Maporomoko yenyewe ni madogo. Aliyezoea yale ya Nyahururu, yenye mita 74, ataona ni mchezo. Lakini maji yana rangi ya strungi kwa sababu ya mboji ya vinamasi yanakopita, na povu jeupe linazunguka taratibu kwenye kidimbwi cha chini, likikatika na kuungana tena. Hakuna uzio wala kibanda cha soda.

Hali hiyo imelindwa kwa sheria. Ya mwaka 1964 ililitambua eneo hili kuwa pori la hifadhi. Ya 1978 ikabana matumizi ya injini. Kundi lisizidi watu 9 na vyombo 4 vya majini, na makopo na chupa za vioo ni marufuku.

Wapo wanaosema masharti haya yanawafungia nje wazee na wenye ulemavu. Hoja hiyo ni nzito, siipuuzi. Ila maporomoko ya kufikika kwa gari Minnesota inayo: Minnehaha iko mjini Minneapolis kabisa, na Gooseberry iko kando ya barabara kuu. Mama akija kututembelea, huko ndiko ninakompeleka. Ya kufikiwa kwa kafi ndiyo machache, na barabara ikishachongwa haifukiwi tena.

Ukiamua kwenda, ondokeni alfajiri kabla upepo haujaamka.