Grafu ya makala za tabianchi hupima utafiti wa taifa au hupima kanzidata?

Kupima mwenendo wa utafiti wa taifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi kwa kuhesabu makala zilizochapishwa kumekuwa jambo jepesi. Mchambuzi huingia kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya mtandaoni inayoorodhesha makala za kisayansi, kama Web of Science au Scopus, huandika maneno ya kutafutia, huchagua jina la nchi, na mara hupata grafu ya miaka 20 au 30 ambayo karibu kila wakati inapanda. Kinachobaki ni kujua kinachoipandisha.

Wanaotetea hesabu hizi wana hoja nzito. Wizara inayogawa fedha za utafiti haiwezi kusoma makala maelfu, wala haifai itegemee sifa za kusikia. Hesabu huanika mapengo, kwa mfano pale taifa linapokuwa na makala tele kuhusu ukame na mazao huku afya na miji ya pwani zikiguswa kwa nadra. Isitoshe, jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lililoundwa mwaka 1988, halifanyi utafiti wake lenyewe bali hutathmini uliokwisha kuchapishwa, na ripoti ya mwaka 2021 ya kundi lake la kwanza, linaloshughulikia sayansi ya mfumo wa tabianchi, ilitumia marejeo zaidi ya 14,000. Eneo lisiloandikiwa hubaki na ushahidi hafifu katika tathmini hizo, hata kama linaathirika vibaya. Kwa sababu hiyo siungi mkono wanaobeza hesabu hizi.

Tatizo ni kwamba machapisho ya kisayansi yanaongezeka duniani kote, jambo ambalo mwanahistoria wa sayansi Derek de Solla Price alilionyesha tangu miaka ya 1960. Tuseme makala za taifa zimetoka 40 kwa mwaka hadi 120, na za dunia nazo zimeongezeka mara tatu katika muda huo huo: taifa hilo lipo palepale. Kanzidata nazo hupanuka. Mwaka 2015 Web of Science ilianzisha faharasa ya ziada, Emerging Sources Citation Index, iliyoingiza maelfu ya majarida, mengi yakiwa ya kikanda, kwa hiyo ongezeko la ghafla baada ya mwaka huo huenda likawa la majarida yaliyoanza kuhesabiwa, si la utafiti mpya.

Maneno ya kutafutia yana mtego wake. Makala kuhusu mbu wanaohamia nyanda za juu kadiri joto linavyopanda inaweza isitaje tabianchi popote katika kichwa wala ikisiri, nayo ikaachwa nje. Ukilegeza maneno ili uinase, unazoa pia makala zilizoitaja tabianchi katika sentensi moja ya utangulizi.

Suala gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni la umiliki. Makala yenye waandishi kumi, mmoja tu akiwa wa taifa husika, huhesabiwa kuwa makala nzima kwa njia moja na sehemu ya kumi kwa njia nyingine. Njia ya kwanza huwapa sifa ya uongozi watu ambao pengine hawakuchagua swali wala kushika bajeti. Ya pili nayo yaweza kuwadhulumu, kwani huyo mmoja huenda ndiye aliyekusanya vipimo vyote vya mvua ambavyo makala imejengwa juu yake. Ndiyo maana ni muhimu kuchapisha hesabu zote mbili, pamoja na idadi ya makala ambazo mwandishi wa kwanza ni wa taifa hilo.

Tamko la Leiden la mwaka 2015, lililoandikwa na wataalamu wa upimaji wa utafiti, lilisisitiza kwamba takwimu zisaidie hukumu ya wataalamu, zisichukue nafasi yake, na kwamba utafiti wenye manufaa ya kienyeji ulindwe. Kwa grafu ya tabianchi, hilo lina maana mahususi: mchambuzi achukue sampuli ya makala alizozihesabu, azigawe kwa wasomaji wawili wasioonyeshana majibu, na aeleze, kando ya grafu yenyewe, ni ngapi kati yake zinahusu tabianchi kweli.